Oili chafu si dawa ya mbwa

Juzi mwenye boda boda alisimama kando ya karai langu akaniomba oili chafu kidogo, ile niliyoimwaga kutoka injini, akampake mbwa wake mwenye upele. Nilipomkatalia akanijibu lile jibu la Nakuru nzima: kwani hii si imetoka ardhini?

Iliyotoka ardhini ni nyingine, ndugu yangu. Hii imepikwa ndani ya injini. Imebeba chembe za chuma za beringi na ringi, petroli isiyoungua, masizi, na zile kemikali zinazotokea mafuta yakiungua nusunusu, zinazoleta saratani ya ngozi. Na mbwa hujilamba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mafundi wenzangu ndio wananichosha zaidi. Wanaogopa oili chafu ya injini ya dizeli kwa sababu ni nyeusi tititi, halafu ya injini ya petroli, ikiwa bado ina ukahawia, wanaishika mikono mitupu. Weusi wa dizeli ni masizi, na huingia mapema tu baada ya kubadilisha oili. Zile kemikali hujilimbikiza zaidi kwenye oili ya petroli, na kadiri gari linavyotembea nayo ndivyo zinavyozidi. Rangi haikuambii kitu!

Halafu kuna kitambaa. Fundi anapangusa mikono, anakichomeka mfukoni mwa ovaroli, kinashinda pajani siku nzima. Huko Uingereza, wafanyakazi wa mashine za kusokota pamba walipata saratani ya mfuko wa korodani kwa kuvaa nguo zilizolowa mafuta ya mashine. Nikifika hapo vijana wa gereji huacha kucheka. Glavu huteleza kwenye nati ndogo, sibishi. Basi nawa kwa sabuni, usinawe kwa petroli.

Kumwaga mtaroni usinitajie. Mitaro ya mji huu huteremka ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji yanakauka kwa jua, uchafu unabaki.

Oili chafu itie kwenye mtungi wenye kifuniko, bila kuchanganya na petroli, maji ya rejeta wala oili ya breki. Filta itoboe, ipindue, ichuruzike usiku kucha. Kisha mpe mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ya kubeba taka hatari.

Hata hapo roho yangu haitulii sana. Oili nyingine huishia kuchomwa kwenye tanuru lolote, na moshi tunauvuta sisi. Ndiyo maana mnunuzi akija na pipa lake na bei tamu, naomba leseni kwanza. Wengine huondoka wakinitukana.