Jumapili ambayo Padre hayupo kigangoni

"Jumapili ijayo Padre haji, kwa hiyo hakuna kanisa."

Nasikia maneno haya kila ninapomaliza kusoma matangazo na kutaja kwamba Dominika (Jumapili) inayofuata Padre atakuwa kigango cha jirani, yaani kanisa dogo jingine la parokia yetu. Safari hii aliyeyasema ni baba mwenye heshima zake, mlipa zaka, asiyekosa sala za jumuiya. Akamalizia kwa kumwambia mwenzake, "Basi tukutane shambani, mahindi yamezidiwa na magugu." Sikumjibu pale mlangoni, maana watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa nimekasirika. Namjibu hapa, pamoja na wengine wote wenye mawazo kama yake.

Kamwene, ndugu zangu wa vigangoni. Mimi ni katekista, mwalimu wa dini asiye padre, huku milimani Kilolo. Parokia yetu, kama parokia nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya, ina vigango vingi kuliko Jumapili za mwezi. Paroko na msaidizi wake hata wakigawana njia namna gani, kigango cha mbali kinapata Misa mara moja kwa mwezi, na masika barabara ikiharibika hata hiyo moja tunaiombea. Jumapili zinazobaki tuna ibada ya Neno, yaani masomo ya Biblia na sala bila Misa, nami ndiye ninayeiongoza. Ukisema siku hizo hakuna kanisa, umesema sisi ni Wakatoliki mara 12 kwa mwaka.

Na angalia ni Jumapili gani hiyo iliyopangiwa palizi. Tarehe 25 Januari 2026 ni Dominika ya Tatu ya Mwaka A (wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa), na tangu mwaka 2019 hayati Papa Fransisko aliitenga Dominika ya Tatu ya kipindi cha kawaida kuwa Dominika ya Neno la Mungu. Dunia nzima siku hiyo Wakatoliki wanaliheshimu Neno kwa namna ya pekee. Sisi tunaye msomaji, tunacho kitabu cha masomo, tunayo kwaya, halafu tunaambiana hakuna kanisa.

Ibada hii hatukuibuni sisi vijijini kwa kukosa padre. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulihimiza ibada za Neno, hasa mahali asipopatikana padre, zikiongozwa na shemasi au mtu mwingine aliyepewa idhini na askofu. Tarehe 2 Juni 1988 Roma ikatoa mwongozo mzima kuhusu ibada za Dominika bila padre. Na hapa kwetu jambo lenyewe ni la zamani kuliko hati zote hizo. Misheni ya Tosamaganga, huku Iringa, ilianzishwa na watawa Wabenediktini wa Kijerumani miaka ya 1890. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa, Wamisionari wa Konsolata, shirika jingine la Kikatoliki, walifika mwaka 1919. Hapo katikati waliobaki na imani ni waamini na makatekista wao. Wangesema "hakuna padre, hakuna kanisa", hao Wakonsolata wangemkuta nani?

Sasa swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini: nikikosa ibada ya katekista, nimetenda dhambi? Nitajibu kama sheria ilivyo, hata kama jibu linanipunguzia watu. Amri ya Dominika ni kushiriki Misa. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema kwamba Misa isipowezekana, kwa kukosekana padre au kwa sababu nyingine nzito, inapendekezwa sana waamini washiriki liturujia ya Neno katika kanisa la parokia au mahali pengine patakatifu, au wasali kwa muda wa kutosha mmoja mmoja, kifamilia, au familia kadhaa pamoja. Inapendekezwa sana, haikuandikwa kwamba ni lazima. Kwa hiyo sitamtisha mtu kwa dhambi ya mauti kwa sababu hakuja kwenye ibada yangu. Lakini rudi usome hayo yanayopendekezwa: Neno, au sala binafsi, au sala ya familia. Palizi haimo. Wajibu wa kuitakasa siku ya Bwana hauondoki na gari la Padre.

Hapo ndipo wengi huishia. Mimi naona ugumu unaanzia hapo. Sheria inazungumzia Misa isiyowezekana. Isiyowezekana kwa nani? Bibi mwenye miguu mibovu, Misa ya kigango cha pili kwake haiwezekani, wala hakuna wa kubishana naye. Mama mwenye mtoto mgongoni, mvua inanyesha, mto umejaa, vilevile. Lakini kijana mwenye pikipiki, ambaye Jumamosi alipita njia hiyohiyo kupeleka viazi, kwake Misa inawezekana. Mwongozo wa 1988 wenyewe unataka kwanza iangaliwe kama waamini wanaweza kwenda kanisa la karibu lenye Misa. Kwa hiyo kijana huyo, kwa haki, aende akashiriki Misa.

Haya, tumwambie aende. Na mwalimu wa kwaya naye ana pikipiki. Na mwenyekiti wa kigango. Na wasomaji wawili kati ya wale wazuri. Wote wakitii, Jumapili nabaki na wazee, watoto wa Utoto Mtakatifu (chama cha watoto) na akina mama wachache wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki), bila mtu wa kuanzisha wimbo. Kigango kinanyong'onyea kwa sababu wenye nguvu wametimiza amri. Katika semina zote nilizohudhuria sijasikia mtu akilizungumza jambo hili waziwazi. Sina jibu linaloniridhisha. Ninachofanya ni kuwaomba wenye usafiri wapeane zamu: wengine Misani, wengine kigangoni, na anayekwenda ampakie mwenzake asiye na chombo. Paroko anajua na hajanikataza. Lakini nikiulizwa kama nina hakika kwamba huyu anayebaki kwa zamu yuko sawa mbele ya ile kanuni, nasema sina hakika hiyo. Ninachojua ni kwamba asipobaki mtu, kigango kitakufa.

Kuna kosa la pili, nalo linatoka kwa watu wa karibu yangu kabisa. Wao wanasema ibada na Misa ni mamoja, mradi Komunyo (mkate uliogeuzwa Mwili wa Kristo Misani) imetolewa. Hapana. Kwenye Misa sadaka ya Kristo inatolewa pale altareni kwa mikono ya padre. Kwenye ibada, kama kigango kina tabernakulo (kisanduku cha kutunzia Komunyo) na mhudumu mwenye kibali cha askofu, tunapokea Komunyo iliyotokana na Misa iliyoadhimishwa siku nyingine. Ni Bwana yuleyule, lakini tendo si lile. Ndiyo maana hatuna maandamano ya vipaji, hatuna Sala ya Ekaristi (sala kuu ya Misa) wala chochote cha kuiiga, kiti cha Padre kinabaki kitupu nami nakaa benchi pamoja na watu, sisemi "Bwana awe nanyi", na mwisho siwabariki kwa ishara ya msalaba juu yenu, bali naomba pamoja nanyi: "Bwana atubariki, atulinde na mabaya yote, atufikishe kwenye uzima wa milele." Mnaoniuliza kwa nini nisiwabariki tu "kama Padre", jibu ndilo hilo.

Hili la Komunyo linanisumbua rohoni. Yapo majimbo na parokia ambako inatolewa kila ibada, na kwingine hakuna tabernakulo kabisa. Mwongozo una wasiwasi kwamba watu watachanganya, na mimi wasiwasi huo nauona kwa macho: mtu akishapokea Komunyo saa mbili na nusu asubuhi, hamu ya kumwombea Mungu apeleke mapadre shambani mwake, yaani katika Kanisa, inapungua. Anaona hakuna kilichokosekana. Upande wa pili, yupo mzee wetu ambaye bila Komunyo ya ibada angeipokea mara chache sana kwa mwaka. Nimnyime ili asikie njaa ya Misa? Siwezi. Kwa hiyo naendelea kugawa pale ninapopewa kibali, na kila mara nasema wazi kwamba Misa tunaingoja.

Kuhusu mahubiri nitasema kwa kifupi. Homilia, yaani mahubiri yenyewe ya liturujia, ni ya padre au shemasi. Sisi tunasoma mafafanuzi aliyotuandalia Paroko, au tunafafanua masomo kwa idhini tuliyopewa. Yakisomwa tu kwenye karatasi, watu husinzia. Katekista akiachiwa uwanja, anaweza kuanza kusema mambo ya majirani zake. Mimi naomba karatasi ya Paroko, naisoma Alhamisi mara kadhaa, kisha Jumapili naisema nikiwatazama watu usoni.

Maandalizi ndiyo ningependa muyaone. Jumamosi jioni msomaji anakuja, mama mmoja ambaye mikono yake bado ina udongo wa shambani. Tunafungua somo la kwanza, Isaya, na mistari ya mwanzo tu inamkwamisha: nchi ya Zabuloni na nchi ya Naftali. Anarudia. Zabuloni. Naftali. Anarudia tena, kidole kikifuata mstari, mpaka majina yale yanatoka kama majina ya vijiji vyetu. Kisha anafika kwenye watu waliotembea gizani kuona nuru kuu, anasimama, ananiuliza, "Mwalimu, hapa nipandishe sauti?" Namwambia apandishe. Huyo mama kesho yake asubuhi ataisimamisha sauti ya nabii mbele ya watu wake, halafu mwingine aseme hakukuwa na kanisa?

Na somo la pili la Dominika hiyo linatuhusu sana. Paulo anawakemea Wakorinto waliogawanyika, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa. Kisha anasema Kristo hakumtuma kubatiza bali kuhubiri Habari Njema. Sisi tuna wa Padre na wa katekista. Natamani mistari hiyo isomwe taratibu.

Mwaka 2021, tarehe 10 Mei, Papa Fransisko aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya kudumu katika Kanisa, inayotolewa na askofu kwa ibada yake maalumu. Wengine walidhani tunapewa cheo. Mimi nilielewa kwamba Kanisa linakiri kazi iliyokuwapo. Tukiitwa usiku kwa mgonjwa tunakwenda. Padre akikosekana, mazishi tunasalisha, na hakuna aliyewahi kuniambia kaburini kwamba sala zile si kitu.

Hata Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima! Mwaka huu ni tarehe 18 Februari, Pasaka ikiwa 5 Aprili. Jumatano ya Majivu si siku ya amri, yaani Misa si ya lazima, na kwa ratiba ilivyo Padre hatafika kwetu. Majivu aliyoyabariki yataletwa kutoka parokiani nami nitawapaka. Najua kanisa litajaa hadi nje. Atakuwapo na yule baba wa palizi, mbele kabisa, akiniinamishia kichwa. Mkono utakaompaka majivu ndio huuhuu unaomfungulia kitabu cha Neno Jumapili, na Kanisa lililoutuma ni hilohilo.

Basi, Dominika hii kengele ya kwanza ni saa moja na nusu, ibada saa mbili. Baada ya ibada viongozi wa jumuiya wabaki tugawane zamu za Njia ya Msalaba kwa Ijumaa zote za Kwaresima, na wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa Vijilia ya Pasaka (usiku wa kuamkia Pasaka) waje na wasimamizi wao. Wenye matawi makavu ya Dominika ya Matawi ya mwaka jana ukutani wayalete kigangoni mapema ili yafike parokiani yachomwe kuwa majivu. Tarehe 15 Februari tutakuwa tumechelewa.