Je, elimu ya nyota ilianzia Ugiriki?

Wengi tumefundishwa kwamba elimu ya nyota ilianza na Wagiriki. Si ajabu, maana majina yao ndiyo yaliyojaa vitabuni. Lakini kabla yao, waandishi wa Babeli, katika Iraki ya leo, walikuwa wakinakili mienendo ya mwezi na sayari kwenye vibao vya udongo. Wagiriki walizitumia kumbukumbu hizo, wakaongeza jiometri yao (na hilo si jambo dogo). Dakika 60 za saa yako zimetokana na hesabu ya Babeli ya sitini-sitini. Huko pia uligunduliwa mzunguko wa kupatwa kwa jua na mwezi, yaani muda unaopita kabla kupatwa kwa namna ileile hakujarudi: kwa kalenda yetu, miaka 18 na siku 10 au 11. Hesabu mwenyewe: jua lilipatwa Agosti 11, 1999, kisha Agosti 21, 2017.