"Kikombe cha kahawa" katika besiboli maana yake nini?

Mmarekani akikuambia mchezaji fulani wa besiboli "alipata kikombe cha kahawa tu", ana maana kwamba mtu huyo aliitwa kutoka ligi za chini, akacheza ligi kuu siku chache au hata mechi moja, kisha akarudishwa alikotoka. Alikaa muda wa kumaliza kikombe kimoja. Kwetu pwani kahawa ni ya barazani, watu huinywa huku mazungumzo yakienda mpaka usiku. Hii ya besiboli ni kahawa ya msafiri, anainywa kasimama na gari linamsubiri.

Kila timu ya ligi kuu ina timu zake za chini za kulelea wachezaji. Kikosi cha juu kina watu 26, kwa hiyo nafasi hupatikana zaidi pale mchezaji aliyemo anapoumia. Septemba kikosi huongezwa hadi 28. Kabla ya mwaka 2020 kiliweza kufika 40, ndiyo maana vijana wengi walionja ligi kuu mwezi huo.

Msemo huu unapima muda, haupimi kipaji. Anayenithibitishia hilo kuliko wote ni John Paciorek. Tarehe 29 Septemba 1963, akiwa na miaka 18, timu ya Houston ilimpanga katika mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya New York Mets. Alishika gongo mara tano na hakutolewa hata mara moja: alipiga vizuri mara tatu, na mara mbili mrushaji wa mpira wa timu pinzani alikosa shabaha, Paciorek akaruhusiwa kwenda bila kupiga hadi kituo cha kwanza, kati ya vinne ambavyo mchezaji huvizunguka ili afunge pointi. Alifunga pointi nne. Baada ya hapo mgongo ukamsumbua, akafanyiwa upasuaji, na ligi kuu hakuiona tena.

Larry Yount alipata kidogo kuliko hicho. Mwaka 1971, naye akiwa Houston, aliitwa kuingia kama mrushaji, akaumia mkono akipasha misuli. Kumbukumbu zinamhesabu kuwa alicheza, ingawa hakumrushia mpinzani hata mpira mmoja.

Muda huo mfupi una uzito hata nje ya uwanja. Siku moja tu ligi kuu humfungulia mchezaji bima ya afya ya wachezaji, na siku 43 humpa haki ya pensheni.

Afrika nayo ina wake. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akasota ligi za chini zaidi ya miaka minane. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, na mara ya kwanza kushika gongo, mbele ya Jon Lester wa Chicago Cubs, akaupiga mpira akafika kituo cha kwanza salama. Alicheza mechi 28 Pittsburgh, na 13 Toronto mwaka uliofuata.