Kiti ni kiti? Uulize mchanga wa Bagamoyo

"Kiti cha magurudumu ni kiti tu, kinamfaa yeyote." Ndivyo tunavyodhani kila msaada unapokabidhiwa na picha kupigwa. Sasa chukua kiti kile chenye vigurudumu vidogo mbele, kilichotengenezewa sakafu ya hospitali, ushuke nacho Dunda, hapa Bagamoyo, hadi ufukweni kunakouzwa samaki. Vigurudumu vinazama mchangani, na mwenye kiti anabaki kungoja wa kumsukuma. Kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa mbali na miguu, hupita njia mbovu kwa wepesi zaidi. Kuna na vipimo: upana wa nyonga, urefu wa miguu, mto wa kukalia. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi makalio yakiumia; akikalia turubai tupu kutwa, hupata kidonda bila kujua, na kidonda hicho chaweza kumuua. Tena hewa ya chumvi ya huku pwani hula beringi. Pasipo fundi, kiti huishia uani. Nimekiona kimoja kwa macho yangu, kuku wanakilalia.

"Asiyeona, simu janja ya nini?" Simu nyingi za Android huja na TalkBack ndani yake, bure: ukigusa kitu kwenye kioo inakitaja kwa sauti, ukigonga mara mbili kinafunguka. Sauti ya Kiswahili ipo, ingawa baadhi ya matamshi yatakuchekesha. Taabu iko kwenye programu: kitufe ambacho mtengenezaji hakukipa jina husomwa "kitufe", basi, na mtu abahatishe na pesa zake. Ukimwona amechomeka visikilizi wakati wa kutuma pesa, haringi. Hataki abiria wenzake wa daladala wasikie salio lake.

"Asiyesikia vizuri akishavaa kifaa cha sikioni, amepona." Kifaa hukuza sauti, na kelele humo humo. Sebuleni atakusikia, harusini, ngoma ikikolea, huenda asikupate. Msogelee, mtazamane usoni.

"Vifaa hivi ni vya watu wachache." Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilitaja watu zaidi ya bilioni 2.5 wanaohitaji angalau kifaa kimoja, na miwani imehesabiwa humo. Kwa hiyo yule mzee wa barazani anayeinua macho kwenye msahafu, anasukuma miwani yake puani na kusema "maskini" kila kiti cha magurudumu kinapopita, naye yumo.