Matope ya wapi?

"Mwalimu, nikishamaliza kazi zangu za studio, utafiti niuandike lini?" Wanafunzi wa sanaa hapa Kampala huniuliza hivyo kila mwaka, na jibu langu huwakera: ukishamaliza, umeshachelewa.

Chukua lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Gome hubanduliwa msimu wa mvua, shina likafungwa majani ya mgomba ili lipone, kisha fundi hulipiga gome kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka lilainike. Mwanafunzi mmoja aliniletea lubugo nyeusi tii, iliyokoza hadi nikaigusa bila kuomba ruhusa. Umeipataje? Alikumbuka kuwa ni matope ya kinamasi. Ya wapi, na aliiloweka siku ngapi, hakujua. Alijaribu tena muhula mzima na weusi ule haukurudi. Kazi ya mikono alikuwa nayo. Cha kuwaonyesha wengine jinsi alivyoifikia, hakuna.

Ndiyo maana nasema daftari likae mezani pamoja na gundi. Kabla ya kunawa mikono andika mistari mitatu: umefanya nini, kimetokea nini, nini kimekushangaza. Huo mstari wa tatu ndio unaozaa swali la utafiti. Maneno makubwa ya nadharia yatakuja baadaye, na mengine hayatahitajika kabisa. Ukienda kwa fundi, mwombe ruhusa ya kumtaja, na majina ya zana yaache kwa Kiganda kama anavyoyatamka.

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, hapa Kampala, jambo hili si geni. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, alisimamia pia Makumbusho ya Uganda. Alichora vifaa vya mafundi kimoja baada ya kingine, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann, aliyeshughulikia ala za muziki, wakatoa kitabu kuhusu vifaa hivyo. Jicho lake lilikuwa la enzi ya ukoloni, na linastahili kuhojiwa. Lakini huwezi kuchora msuko wa kikapu bila kujua ukindu unapita wapi, na hapo tayari unatafiti.

Yule mwanafunzi wa matope sasa ana daftari la jalada gumu. Kurasa mbili zimegandana kwa gundi. Juzi nilisoma pembeni, kwa penseli: "Kinamasi cha pili, siku nne. Bado kahawia."