Viroboto maji kwa vyura wa tangini, katika joto la Unguja

Vyura wadogo wa majini, wale wa jamii ya Hymenochirus wenye asili ya misitu ya Kongo, hawana ulimi. Humvizia mdudu anayetikisika, wakamfyonza pamoja na maji. Kidonge cha chakula kilichotulia chini mara nyingi hukipita, na usiku kinaoza. Ndiyo maana kila anayenijia na chura aliyekonda namwambia aanze na ndoo ya kufugia chakula hai, dawa baadaye.

Chakula ninachokiamini hapa kwetu ni moina, aina ndogo ya viroboto maji. Dafnia, viroboto maji wakubwa wanaosifiwa Ulaya, hupenda maji ya nyuzi 20 hivi, na jua la kaskazi huwamaliza. Moina hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 30. Majike huzaa bila dume, kwa hiyo mbegu kidogo, yaani moina wachache wa kuanzia, inatosha.

Tumia ndoo ya lita 20, kivulini. Maji ya kisima cha Unguja yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, nayo hujenga gamba la moina. Kisima kilichoingia chumvi kiache. Maji ya bomba yakae wazi siku nzima klorini itoke.

Kulisha ndiko kunakowashinda wengi. Chukua hamira kidogo mno, ikoroge kwenye kikombe, umimine mpaka maji yawe na ukungu hafifu. Usiongeze mpaka yang'ae tena. Hamira ikizidi huoza na kula hewa yote, na ndoo nzima hufa usiku mmoja. Moina wakigeuka wekundu, hewa imepungua: badilisha sehemu ya maji mara moja. Maji ya kijani yaliyoanikwa juani ni bora kuliko hamira, ukiweza kuyapata. Weka ndoo mbili, moja ikifa nyingine ibaki.

Najua viluwiluwi wa mbu ni chakula kizuri na hawagharimu kitu. Siwafugi, nami nakuomba usiwafuge. Zanzibar imepigana na malaria miaka mingi, na wakikuponyoka wachache watamng'ata mtoto wa jirani. Funika kila ndoo kwa neti, na uichungulie kila siku.

Usichote mbegu bwawani bila kuichambua kwa jicho: tunutu wa kereng'ende hula viluwiluwi wa chura.

Kuvuna, pitisha maji kwenye kitambaa chepesi, robo ya ndoo kwa siku, uwasuuze kabla ya kuwatia tangini. Vyura wakubwa wape siku moja, wapumzike moja, na mara nyingine wapate mnyoo wa shamba lisilopigwa dawa, umekatwa vipande vidogo.