Mafuta ya nazi na kondomu havipatani: maswali kuhusu vilainishi

Kilainishi ni nini, na nani anakihitaji?
Ni jeli au majimaji yanayopakwa ukeni au juu ya uume ili tendo la ndoa lisichubue. Anayenyonyesha, aliyekoma hedhi, mwenye kisukari, au anayemeza dawa za mafua zinazokausha pua, anaweza kuwa mkavu hata akiwa na hamu na mumewe. Si dalili kwamba hapendi. Na mara nyengine kinachokosekana ni subira ya mume, si jeli.

Tunatumia kondomu. Mafuta ya nazi kidogo tu yana ubaya gani?
Yanaharibu mpira. Kondomu zinazogawiwa bure vituoni, na nyingi za madukani, ni za lateksi. Mafuta hunyonywa na lateksi, huivimbisha na kuilegeza, na kazi hiyo huanza ndani ya dakika moja. Usitegemee macho: mpira unaweza kuonekana mzima kumbe nguvu zishakwisha, ukapasuka katikati ya tendo.

Hata mafuta safi tuliyoyapika wenyewe kwa tui?
Hata hayo. Usafi haumo katika hesabu hii. Lateksi haijui kama nazi ilikunwa nyumbani Makunduchi au mafuta yalitoka dukani.

Basi vaselini? Losheni ya mtoto? Mafuta ya zeituni?
Hapana, hapana na hapana. Wala samli, wala mafuta ya kupikia, wala ya habasoda. Paka tone kwenye karatasi, liache likauke: likibakisha doa linalopitisha mwanga, hayo ni mafuta, yaweke mbali na kondomu. Na kama mlikuwa mkisingana kwa mafuta kabla, osheni mikono kwa sabuni kwanza, ndipo mfungue pakiti. Wengi wanaosema "hatukupaka kitu" walikuwa nayo viganjani.

Imepasuka. Tungoje tuone?
Msingoje. Dawa za kinga za kuzuia VVU baada ya tukio lazima zianzwe ndani ya saa 72, na saa ya pili ni bora kuliko ya ishirini. Humezwa siku 28 mfululizo. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba nacho hufanya kazi vizuri zaidi kadiri kinavyowahiwa. Watu huja wamechelewa, hata baada ya wiki, kwa kuona haya, au kwa kuwa tukio lilitokea usiku wa Ijumaa wakangoja Jumatatu. Kwa upande wa VVU, baada ya wiki hakuna la kufanya ila kupima na kusubiri kupima tena. Nenda usiku huo huo hospitali, na usijioshe ndani kwa sabuni kabla ya kwenda. Sabuni haitoi virusi, inachubua tu.

Ninunue kipi, basi?
Kilichotengenezwa kwa maji. Geuza boksi usome viambato: maji yawe ya kwanza. Kikiwa na gliserini au propilini glaikoli nyingi, hicho ni kizito mno. Huvuta maji kutoka kwenye ngozi laini ya uke kama chumvi inavyovuta maji ya papa anayekaushwa, na ngozi ikabanduka. Kipimo cha uzito huo huitwa osmolaliti: Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi 380, na kwa sasa linavumilia hadi 1,200. Kwa uke, pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe karibu na 4.5. Boksi nyingi haziandiki namba hizi. Ukikuta mbili zinalingana bei, chukua iliyoandika. Acha chenye nonoksinoli-9 (dawa ya kuua mbegu za kiume), klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), manukato, ladha, au kinachojisifu kwa "joto".

Silikoni pia haiharibu kondomu na hukaa muda mrefu, lakini hung'ang'ania ngozini. Ya maji huondoka kwa maji tu, jambo linalorahisisha josho.

Kipakwe vipi?
Vaa kondomu kwanza, kisha paka nje yake kama nusu kijiko cha chai, na kiasi kama hicho ukeni. Ndani ya kondomu tone moja kwenye ncha linatosha. Likizidi, mpira unavuka. Kikianza kunata, ongeza matone machache ya maji safi kabla ya kuongeza jeli.

Nimeambiwa mafuta ya karafuu huleta raha, na shabu hubana.
Aliyekuambia hakukuonea huruma. Mafuta yanayokamuliwa Pemba kutoka kwenye makonyo yamejaa eujenoli, ile ile inayotiwa kwenye jino kuua maumivu. Ukeni huunguza, hilo "joto" ni kuungua. Shabu nayo hukausha na kuchana ngozi, halafu mtu anakuja kulalamikia ukavu! Kila mchubuko ni mlango wa VVU na kaswende. Masomo wanaofunda maharusi, tafadhali liacheni hili.

Sisi hatutumii kondomu, tumepima sote. Mafuta ya nazi?
Safi, yasiyo na manukato, wengi hawadhuriki nayo. Vaselini hapana hata hapo: haitoki kwa maji, na wanaoitumia ndani hupata zaidi maambukizi ya bakteria ukeni. Kama mnatafuta mtoto, jeli nyingi hupunguza kasi ya mbegu za kiume, na mate pia.

Napata damu kidogo baada ya tendo. Nibadilishe kilainishi?
Hapana. Nenda ukakaguliwe shingo ya kizazi. Damu baada ya tendo isiitwe ukavu mpaka mtu ameangalia kwa macho, hasa kama hedhi ilishakoma. Usibadilishe jeli tatu miezi sita ukisubiri. Jeli haitibu saratani.